Mteja wa Kwanza

Mwaka 2017 Safaricom ilizindua Daraja, jukwaa linaloruhusu programu za watu wengine kuzungumza na M-Pesa. Huduma yenyewe ilikuwa imeanza Kenya tangu Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, lakini kwa muda mrefu kuunganisha mfumo wa duka au wa shule na malipo hayo ilikuwa kazi ya kampuni zenye wahandisi na wanasheria wao. Baada ya Daraja, kijana yeyote mwenye kompyuta na bando aliweza kujisajili, akapewa funguo za majaribio na namba ya biashara ya mfano, 174379, akaandika mistari michache ya msimbo, na simu yake mwenyewe ikamtaka aweke namba ya siri ili alipe shilingi moja.

Kwa aliyejifundisha mwenyewe kuandika programu, hiyo ni siku ya furaha kubwa. Lakini hakuna mteja anayepiga simu kwa sababu jaribio limefaulu. Kati ya kujua kuandika programu na kulipwa kwa kuiandika kuna mambo ambayo masomo ya mtandaoni hayayagusi, na vijana wengi hodari wa Dar es Salaam, Nairobi, Mwanza na Kisumu wamekwama hapo bila kosa lao.

Masomo yenyewe yamejaa. W3Schools ipo tangu 1998. freeCodeCamp, iliyoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014, hufundisha kuanzia HTML mpaka Python bila kutoza chochote. Chuo Kikuu cha Harvard kimeliweka wazi somo lake la CS50 linalofundishwa na David Malan, na mtu anaweza kulifuata akiwa Songea au Kakamega. Hata vifaa vya kuandikia msimbo na kuutunza, kama Git, ni bure. Kinachogharimu ni kompyuta, umeme na bando.

Shida ni kwamba somo humwandalia mwanafunzi kila kitu. Majina yameandikwa sawasawa, tarehe zote zina mpangilio mmoja, na jibu sahihi linajulikana tangu mwanzo. Daftari la madeni la duka la vifaa vya ujenzi haliko hivyo. Mteja yule yule ukurasa huu ameandikwa "Mzee Ally", ukurasa wa pili "Ally wa Tandika", wa tatu "Ali mabati". Namba yake ya simu mara inaanza na 07, mara na 255, mara ina alama ya kujumlisha na nafasi katikati. Deni limepigwa mstari, na hakuna anayekumbuka kama lililipwa au lilihamishiwa ukurasa mwingine. Anayetaka kulipwa anapaswa kuanzia hapo, kwenye daftari. Wapo wanaojifunza lugha ya nne ya programu na kukusanya vyeti, na bado hawajamkabidhi mtu hata mmoja kitu anachokitumia kila siku.

Mteja huyo wa kwanza kwa kawaida hayuko mbali. Ni shule ya awali ya mtaani inayofuatilia ada kwa karatasi, gesti inayopokea maombi ya nafasi kwa simu mbili zinazogongana, duka la dawa lisilojua ni dawa zipi zinakaribia kuisha muda, au kikoba cha mama mzazi.

Kikoba kinafaa kutazamwa kwa karibu. Vikundi vya kuweka na kukopa vya aina hii vilianzia Niger mwaka 1991 kwa msukumo wa shirika la CARE, vikaenea sehemu kubwa ya Afrika. Kikundi huwa na wanachama wasiozidi 30 hivi. Wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, wanakopeshana, wanatozana faini kwa kuchelewa, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Fedha hukaa kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti. Katibu huandika yote kwa kalamu, na hesabu zikigoma kikao huendelea mpaka giza liingie.

Chukulia kikundi chenye shilingi 1,237,000 za kugawana na hisa 214. Kikokotoo kinasema kila hisa ipate shilingi 5,780 na ushee. Programu ya mwanafunzi itaandika 5780.3738 na kuridhika. Kikundi, hata hivyo, kinagawana noti na sarafu mezani, na hakuna wa kuchenji senti. Wakishusha mpaka 5,700 ili kuhesabu kuwe rahisi, zinabaki shilingi 17,200. Hizo ni za nani? Kikundi kimoja kitazipeleka kwenye mfuko wa jamii, kingine kitaanza nazo mzunguko mpya. Jibu liko kwenye katiba ya kikundi au kichwani mwa mwenyekiti, na hakuna njia ya kulipata isipokuwa kumwuliza.

Kuna mtego mwingine ndani ya kompyuta yenyewe. Namba zenye desimali mara nyingi huhifadhiwa kwa makadirio. Ukiiambia JavaScript au Python ijumlishe 0.1 na 0.2, jibu litakuwa 0.30000000000000004. Kwenye zoezi, hilo halimdhuru mtu. Kwenye fedha za watu ni chanzo cha ugomvi, maana ukijumlisha mafungu yote hayatalingana na kilichomo sandukuni. Ndiyo maana wajuzi huhifadhi kiasi cha fedha kama namba kamili, kwa shilingi au kwa senti, na kugawanya mwishoni kabisa kwa kanuni ambayo kikundi kimeikubali. Aliyewahi kulitatua jambo hili mbele ya wanachama 25 wanaomtazama amejifunza kitu ambacho cheti hakikipimi.

Mambo haya si mageni hata kwa waliokuja kuwa matajiri wa sekta hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Bill Gates na Paul Allen walikuwa wanafunzi wa sekondari ya Lakeside mjini Seattle. Akina mama wa shule hiyo waliuza vitu vilivyotumika, na fedha zilizopatikana zikalipia mashine na muda wa kompyuta. Vijana walijifundisha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa kuwa walimu nao walikuwa wageni wa chombo kile. Kibarua chao cha mwanzo kilikuwa kusaka hitilafu kwenye mfumo wa kampuni moja ya mjini humo, na walilipwa kwa muda wa kutumia kompyuta. Baadaye kampuni ya Information Sciences ya Portland ikawapa kazi ya kuandika programu ya mishahara kwa lugha ya COBOL. Lugha ilijifunzika. Kazi nzito ilikuwa kodi, makato na taarifa za kupeleka serikalini, vitu ambavyo kijana wa sekondari hana pa kuvijulia mpaka akae na anayevishughulikia.

Fundi cherehani hapitishi mkasi kabla ya kupima, na nusu siku ya kukaa dukani au kwenye kikao cha kikundi ndiyo kipimo cha mwandishi wa programu. Aangalie nani anaandika nini, saa ngapi, na kwa nini. Mara nyingi atagundua kwamba mteja aliyeomba "tovuti" anachotaka hasa ni kujua nani anamdai na nani hajalipa. Wakati mwingine jibu sahihi ni jedwali la Excel lililopangwa vizuri, na kijana mwaminifu atamwambia hivyo na kulipwa kwa hilo. Mteja aliyeokolewa gharama ya mfumo asiouhitaji ndiye atakayemtaja kwa wenzake.

Malipo ya simu yanapoingia, uzito wa kazi hubadilika. Turudi kwenye Daraja, kwa sababu ndipo wengi hujikwaa. Ombi la malipo, lile ambalo watumiaji huliita STK, linataka namba ya simu inayoanza na 254 bila alama ya kujumlisha, na kiasi kisicho na desimali. Mfumo ukishalituma hupewa utambulisho wa ombi hilo, kisha husubiri majibu yatakayotumwa na Safaricom kwenye anwani yake ya mtandaoni. Majibu yakija na namba 0, fedha zimeingia. Yakija na 1, salio halikutosha. 1032 maana yake mteja ameghairi, na 1037 maana yake simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu kwa wakati.

Mwanafunzi hupima njia moja tu, ile ya 0. Mteja wa kweli hutembea njia zote. Betri inaisha akiwa katikati ya kuandika namba ya siri. Mtandao unayumba, majibu yanachelewa, naye anabonyeza "lipa" mara ya pili. Majibu ya muamala mmoja yanaweza kufika zaidi ya mara moja, na kama programu haikuwekwa kinga, duka litamwandikia mtu malipo mawili kwa fedha za mara moja. Kinga yake ni rahisi ikishajulikana: hifadhi utambulisho wa ombi kabla ya kutuma jibu lolote kwa mteja, na ukatae kuandika muamala ambao tayari umekwisha kuandikwa. Tena usiamini kioo cha simu kinachoonyeshwa kaunta. Amini jibu lililofika kwenye mfumo. Funguo za siri za duka nazo zisiwekwe kwenye msimbo unaopandishwa hadharani GitHub, kosa ambalo waanzao hulifanya kila siku na ambalo hugharimu fedha za mtu mwingine.

Upande wa Tanzania, Vodacom ina jukwaa lake la M-Pesa kwa waandishi wa programu, na zipo kampuni kama Selcom na AzamPay zinazounganisha mitandao kadhaa kwa mlango mmoja. Kanuni za tahadhari ni zile zile.

Halafu kuna bei, inayowakosesha vijana usingizi kuliko msimbo wenyewe. Wengi hutaja kiasi kidogo kwa woga, au hujitolea kufanya bure "ili kupata uzoefu". Kufanya bure kuna hasara moja isiyosemwa sana: mteja asiyetoa fedha hana haraka. Picha za bidhaa hazileti, orodha ya bei hatoi, na kila akikutana na rafiki anarudi na wazo jipya la kuongeza. Aliyelipa hata kiasi cha wastani hufuatilia. Ni afadhali kazi ndogo yenye malipo madogo na mwisho unaojulikana kuliko mfumo mkubwa wa hisani usioisha.

Mpango unaofanya kazi ni kugawa malipo mara tatu: sehemu kabla ya kuanza, sehemu mteja akionyeshwa mfumo ukitembea, na iliyobaki siku ya makabidhiano. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Kitakachofanywa kitajwe, na kisichofanywa kitajwe pia, kwa sababu ugomvi mwingi huzaliwa kwenye yale ambayo kila upande ulidhani yamo. Iandikwe ni mara ngapi mteja ataomba marekebisho bila kuongeza fedha, na nani anayeamua upande wake. Duka la ndugu watatu wenye maoni matatu linaweza kumaliza miezi ya kijana mmoja. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki, kwa hiyo hata makubaliano ya WhatsApp yana uzito. Ila yatunzwe, yasifutwe.

Suala la umiliki lisiachwe hewani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama kazi nyingine za kubuni. Je, mteja ananunua msimbo wote, au haki ya kuutumia tu? Kijana anaweza kuitumia tena sehemu ya msimbo huo kwa duka jingine? Maswali hayo yanajibika kwa dakika tano kabla ya kazi kuanza, na yakiachwa yanaweza kuvunja urafiki baadaye.

Jina la tovuti, liwe la .co.tz au la .co.ke, lisajiliwe kwa jina la mteja, na nywila zake akabidhiwe. Kuna mafundi wanaojiandikisha wao kama wamiliki ili mteja asiwakimbie. Huo si ujanja wa biashara, ni kumshika mtu mateka, na sifa ya mtaa mzima wa vijana wanaoanza huharibika kwa wachache wanaofanya hivyo. Gharama ya jina na ya seva hulipwa kila mwaka au kila mwezi, na mteja aambiwe mapema, kwani wengi hudhani tovuti ikishanunuliwa imenunuliwa kama meza.

Kodi nayo ipo. Kampuni inayomlipa mtu kwa huduma za kitaalamu kwa kawaida huzuia asilimia 5 na kuipeleka kwa mamlaka ya mapato, TRA ya Tanzania au KRA ya Kenya, na kijana asiyelijua hilo hudhani amepunjwa. Akiwa na TIN yake Tanzania au PIN ya KRA Kenya, kiasi hicho huhesabiwa kwenye kodi yake, basi adai cheti cha makato.

Wapo wanaoruka mtaa na kwenda moja kwa moja kwenye masoko ya kazi ya mtandaoni kama Upwork na Fiverr. Kazi zipo, na wapo Wakenya na Watanzania wanaoishi kwazo. Lakini mgeni asiye na sifa za wateja wa nyuma hushindana kwa bei na dunia nzima, na Fiverr hukata asilimia 20 ya kila anachopata. Kazi mbili au tatu za kweli zilizofanyika nyumbani, zenye picha za mfumo ukitumika na mteja anayeweza kupigiwa simu, humpa mtu cha kuonyesha huko. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 kuwaandaa vijana kwa kazi za namna hii. Tahadhari moja: anayeuza au kukodisha akaunti iliyokwisha kujengewa sifa humwingiza mnunuzi kwenye kuvunja masharti ya soko, na siku akaunti ikifungwa fedha zilizomo hupotea. Vilevile, kazi inayomtaka mwombaji alipe kwanza ili apewe kazi si ya kuaminika.

Kuna jambo ambalo wanaoanza hulidharau kwa sababu halionekani kwenye kioo, nalo ni siri za watu. Mfumo wa kikoba unajua nani amekopa na nani ameshindwa kulipa. Mfumo wa shule unajua majina, picha na makazi ya watoto. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 na kuunda tume ya kuisimamia. Hayo si maandishi ya kabatini. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kijana anayejenga tovuti ya shule anapaswa kuuliza kuhusu ridhaa hiyo kabla ya kupandisha picha ya kwanza, na asinakili orodha ya wanafunzi kwenye kompyuta yake ili tu iwe rahisi kufanyia majaribio. Majina ya kubuni yanatosha.

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, swali limekuwa kama kazi hizi ndogo zitabaki. Ni kweli kwamba mashine sasa huandika kwa dakika kurasa ambazo mwanafunzi angezitolea jasho siku nzima, na anayejifunza leo anafaa kuitumia. Lakini mashine haikuwapo kikaoni wakati mwenyekiti alipoeleza zinakokwenda zile shilingi 17,200, na msimbo uliotoka kwake usiosomwa na mtu anayeuelewa utaandika malipo mara mbili kwa ujasiri ule ule. Thamani inahamia kwa anayejua kuuliza na kukagua.

Kukabidhi mfumo hakumalizi kazi. Cheti cha usalama cha tovuti huisha muda wake na huhitaji kuhuishwa. Vile vinavyotolewa bure na Let's Encrypt vimezoeleka kuwa vya siku 90. Nakala za akiba zisipojaribiwa kurejeshwa hazina uhakika. Katibu mpya anachaguliwa na hajui pa kubonyeza. Kwa hiyo ada ndogo ya kila mwezi ya matunzo, iliyotajwa tangu makubaliano ya kwanza, ni haki ya fundi na kinga ya mteja. Wateja watano wa matunzo humpa kijana mapato yanayotabirika, kitu ambacho mradi mmoja mkubwa haumpi.

Upande wa pili nao una wajibu. Wenye shule, maduka, gesti na vikundi wamezoea kumwona kijana wa kompyuta kama mtoto wa jirani wa kupewa soda na nauli. Watoe malipo ya awali. Wamteue mtu mmoja wa kuamua. Wakubali kukaa naye nusu siku na kumfungulia daftari bila kuona haya kwa yaliyomo. Mfumo ukiwafaa, wamruhusu kuuonyesha kwa mteja mwingine, taarifa za watu zikiwa zimeondolewa, na wampe namba ya mwenye shule ya mtaa wa pili ambaye bado anaandika ada kwenye karatasi.